Tunagombania tabia za viongozi, mafaili yamefungwa

Mhariri,

Edward Lowassa, Waziri Mkuu aliyejiuzulu mwaka 2008, alifariki dunia Februari 10, 2024, lakini ubishi juu yake uko hai. Litaje jina lake kwenye kijiwe chochote, iwe Manzese au Monduli, utakuta majibu yamekwisha kuandaliwa: huyu atakwambia alikuwa fisadi, yule atakwambia alitolewa kafara. Waulize wote wawili katika sakata la mkataba wa umeme wa Richmond yeye binafsi alifanya nini, tarehe ipi, kwa karatasi gani. Watanyamaza kidogo, kisha mazungumzo yatahamia kwenye vyama: "ninyi ndio mliomlea", "na ninyi ndio mliompokea".

Wengi hulaumu ushabiki. Kwa maoni yangu ushabiki ni matokeo tu. Tunazijadili tabia za viongozi kwa rangi ya bendera kwa sababu utaratibu wetu wa kuwajibishana huishia pale ambapo ungepaswa kuanza. Kiongozi akijiuzulu au akitenguliwa, tunapiga makofi na faili linafungwa. Lisilochunguzwa hadi mwisho halina jibu, na pengo hilo kila chama hulijaza kitakavyo, kwa faida ya msimu ule.

Turudi kwenye mambo yenyewe, maana vijana wanaobishana leo wengine walikuwa darasa la pili.

Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji kwenye mabwawa ya umeme, Mtera likiwamo, na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali. Juni 23 mwaka huo shirika la umeme, TANESCO, lilisaini mkataba na Richmond Development Company ya Houston, Texas, wa kuleta mitambo ya dharura ya megawati 100. Mitambo ikachelewa. Mwishoni mwa mwaka mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans, na TANESCO ikajikuta inadaiwa takriban Sh152 milioni kwa siku. Hiyo ilikuwa gharama ya uwezo wa mitambo, ambayo hulipwa mitambo ikizalisha isizalishe. Hapo ndipo moyo wa sakata ulipo. Bei ya uniti ilikuwa jambo la pili. Hoja ilikuwa kwamba Serikali ilijifunga kulipa kila siku kampuni ambayo haikuwa na mtaji wala uzoefu wa kazi iliyopewa.

Taasisi ya kuzuia rushwa ilichunguza mwaka 2007 na kusema haikuona rushwa. Bunge halikuridhika. Novemba 2007 likaunda Kamati Teule ya wajumbe watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ambayo iliwasilisha taarifa Februari 6, 2008, ikiwa na mapendekezo 23. Kesho yake, Februari 7, Waziri Mkuu Lowassa alisimama bungeni, akalalamika kwamba kamati ilimtaja bila kumwita kumhoji, kisha akatangaza kuwa amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri wawili waliowahi kuiongoza wizara ya nishati, Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, wakamfuata. Na kwa kuwa Ibara ya 57 ya Katiba inasema kiti cha Waziri Mkuu kikiwa wazi viti vya mawaziri wote navyo viko wazi, Baraza zima likaanguka. Rais Jakaya Kikwete akamteua Mizengo Pinda na kuunda baraza jipya.

Magazeti yakaandika kwamba Bunge limeonyesha meno, na ni kweli lilionyesha. Ila kiongozi anapotuhumiwa kuna ngazi tatu, na kila moja ina kipimo chake cha ushahidi. Ya kwanza ni ya kisiasa: je, jambo baya limetokea chini ya dhamana yake? Hapa hata kosa la msaidizi linatosha. Ndiyo ngazi aliyosimama Ali Hassan Mwinyi miaka ya 1970, alipoachia Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa wa Shinyanga waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola. Hakuna aliyedai Mwinyi mwenyewe aliinua mkono, ndiyo maana aliweza kurudi na hatimaye kuwa Rais bila ya jambo lile kumfuata kila kona. Ngazi ya pili ni ya maadili: je, alitumia cheo kujinufaisha au kumnufaisha rafiki? Hapa ushahidi lazima umguse yeye binafsi, na mahali pake ni Baraza la Maadili, linalosikiliza malalamiko dhidi ya viongozi wa umma. Ya tatu ni jinai, na mahali pake ni mahakama, ambako shaka yoyote ya maana inamwokoa mshtakiwa.

Kwa Lowassa ilifanyika ngazi ya kwanza tu, tena aliifanya mwenyewe. Hakuitwa mbele ya Baraza la Maadili kujibu kuhusu Richmond, wala hakushtakiwa mahakamani. Na taarifa ya Kamati Teule haiwezi kuziba mapengo hayo mawili, kwa sababu iliyo ndani ya Katiba yenyewe: Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mijadala bungeni, lililosemwa humo halihojiwi mahakamani. Kinga hiyo ni ya lazima, bila hiyo hakuna mbunge angethubutu kugusa mkataba wowote. Lakini ina upande wake wa pili. Aliyetajwa hana mahali pa kwenda kujisafisha, na aliyemtaja hana mahali anapolazimishwa kuthibitisha. Wote wawili wanaondoka na maneno yao.

Sasa tazama pengo hilo lilivyotumika. Septemba 15, 2007, pale Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma majina 11 ya aliowaita mafisadi, na la Lowassa likiwamo. CCM, chama tawala na chama cha Lowassa wakati huo, ikasema ni uzushi wa wapinzani. Mwaka 2011 CCM hiyo hiyo ikaja na kampeni ya kujivua gamba, yaani kuwaondoa waliotuhumiwa ufisadi. Rostam Aziz akaachia ubunge wa Igunga, waliobaki wakabaki, na gamba likabaki pale pale. Februari 2014 chama kiliwaadhibu makada sita, Lowassa akiwa mmoja wao, kwa kuwafungia mwaka mmoja. Kosa? Kuanza kampeni za urais kabla ya wakati. Adhabu pekee rasmi ambayo wananchi waliiona ikitolewa na chama chake haikuhusu hata kidogo kile alichokuwa akituhumiwa.

Julai 2015 jina lake likakatwa Dodoma kwenye mchujo wa CCM wa mgombea urais. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Dk. Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kupinga utaratibu uliotumika. Julai 28 akatangazwa kujiunga na CHADEMA. Waliokuwa wakimwita fisadi kwa miaka minane wakaanza kusema mwenye ushahidi aende mahakamani. Waliokuwa wakisema ni uzushi wakagundua ghafla kwamba Richmond ilikuwa dhambi kubwa. Profesa Ibrahim Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF, chama mshirika wa CHADEMA, Agosti, Dk. Slaa akatangaza kuachana na siasa Septemba 1. Nawatofautisha wawili hawa na wengine, si kwa kuwa walikuwa sahihi kuhusu Lowassa, ila kwa kuwa msimamo wao haukuhama na bendera. Oktoba 25 Lowassa, akigombea urais kwa CHADEMA, alipata kura 6,072,848, asilimia 39.97. Machi 1, 2019 akarudi CCM, akapokewa kwa shangwe, na tangu siku hiyo zile lugha zikabadilishana tena wenyewe.

Kati ya 2008 na 2019 hakuna karatasi hata moja mpya iliyowekwa mezani juu ya alichofanya yeye binafsi. Ushahidi ulikuwa ule ule, mtu yule yule. Kilichobadilika ni kadi.

Na usifikiri gharama iliishia kwenye siasa. Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamua TANESCO iilipe Dowans takriban Sh94 bilioni. Nchi ilikuwa imevunja mkataba kwa hasira za kisiasa, ikaenda kwenye usuluhishi bila hukumu yoyote ya ndani inayosema rushwa ilitendeka na nani aliitenda. Anayedhani uchunguzi wa kina ni anasa ya wanasheria aitazame tarakimu hiyo.

Kuna watakaosema Richmond ilikuwa na giza, hakukuwa na namba za kushika. Basi tuchukue Tegeta Escrow, sakata la akaunti ya fedha za mgogoro wa TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL, ambako namba zilikuwapo zote. Fedha zilizotoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu zilikuwa Sh306 bilioni. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alikagua, Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikawasilisha taarifa mwishoni mwa Novemba 2014, ikitaja nani aliingiziwa kiasi gani kupitia Benki ya Mkombozi: Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo Waziri wa Ardhi, Sh1.6 bilioni, Andrew Chenge, Sh1.6 bilioni, William Ngeleja, Sh40.4 milioni. Bunge likapitisha maazimio manane.

Profesa Tibaijuka alieleza kwamba fedha zile zilikuwa mchango wa shule, na kwamba akaunti ilifunguliwa katika benki hiyo kwa sharti la mtoaji. Rais Kikwete alipotangaza kumwondoa Desemba 22, 2014, hoja yake ilikuwa moja: kwa nini mchango wa shule uingie kwenye akaunti binafsi ya waziri badala ya akaunti ya shule? Nalipenda swali hilo. Halihusu kama mama yule ni mwema, kama anasali, kama amesomesha wasichana wangapi. Linahusu jina lililoandikwa kwenye fomu ya kufungulia akaunti. Mtu wa chama chochote anaweza kulijibu kwa kutazama karatasi, na jibu litakuwa lile lile.

Lakini angalia kilichofuata. Mapema 2015 Baraza la Maadili lilikaa Ukumbi wa Karimjee chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, mbele ya waandishi wa habari. Chenge alifika na hoja kwamba suala liko Mahakama Kuu, mambo yakakwama hapo. Oktoba mwaka huo wote watatu wakarudishwa bungeni na wapiga kura wao. Julai 2017 Ngeleja aliita waandishi, akasema amerejesha Sh40.4 milioni kwa Mamlaka ya Mapato. Nani alimwamuru? Hakuna. Kwa hiyo hata pale namba zilipokuwapo, safari ilikatika katikati: tukajua kiasi, tukajua benki, tukakosa uamuzi.

Bila uamuzi sheria haina cha kushika. Ibara ya 67 ya Katiba inamzuia mtu kugombea ubunge ikiwa katika miaka mitano kabla ya uchaguzi alitiwa hatiani na kufungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu au kwa kuvunja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Soma tena: atiwe hatiani, tena afungwe. Kujiuzulu hakumo. Kutenguliwa hakumo. Kutajwa na kamati ya Bunge hakumo. Tume ya uchaguzi inapompitisha mtu wa namna hiyo haijamtakasa, haina tu karatasi ya kumkatia. Wanachama wa upande wake hushangilia wakidhani amesafishwa, wa upande wa pili hulia wakidhani tume imenunuliwa.

Sasa niseme kuhusu Sekretarieti ya Maadili, ofisi inayosimamia maadili ya viongozi wa umma, maana wengi hawajui inafanyaje kazi. Imewekwa na Ibara ya 132, na sheria yake ni Na. 13 ya mwaka 1995. Kiongozi wa umma, kuanzia Rais hadi diwani, anatakiwa kutoa tamko la maandishi la rasilimali na madeni mara tatu: ndani ya siku 30 tangu aingie madarakani, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Anajaza vyake, vya mwenzi wake, na vya watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Hapo kuna tundu la kwanza. Mali iliyoandikwa jina la mtoto wa miaka 19, la kaka, au la kampuni ya shemeji haimo kwenye fomu. Tundu la pili ni kwamba tamko linasema ana nini, halisemi alikipataje; mwenye nyumba tatu mwaka huu na saba mwakani anaweza kujaza fomu zote mbili kwa ukweli kabisa. Kuhakiki kunahitaji mtu aende hadi kwenye kiwanja, apekue hati, alinganishe na mshahara, na viongozi ni maelfu.

Utamaduni wenyewe wa kujaza umekuwa wa kukimbizana na tarehe. Februari 2016 mawaziri watano wa Rais John Magufuli waliambiwa wawe wamewasilisha fomu zao kabla ya saa 12 jioni ya siku hiyo, ama wajihesabu nje. Waliwasilisha. Fomu iliyojazwa kwa saa chache kwa hofu ya kufukuzwa si ushahidi wa uadilifu. Ni ushahidi wa kutii.

Tundu la tatu ndilo linalotuletea ushabiki. Tamko si kitu cha kusomwa gazetini. Mwananchi anayetaka kulitazama hana budi kupitia kwa Kamishna wa Maadili, mkuu wa Sekretarieti hiyo, kwa masharti. Matokeo yake tunabishana kuhusu utajiri wa mtu kwa kutazama suti, msafara na ukubwa wa sherehe. Katika miaka ya kuelekea 2015 Lowassa alikuwa mgeni rasmi wa harambee nyingi, makanisani na misikitini, na alipoulizwa fedha zinatoka wapi alijibu ni zake na za marafiki. Mashabiki walisema ana moyo wa kutoa, wapinzani walisema ananunua urais. Maswali yaliyostahili yalikuwa madogo na makavu: marafiki hao ni akina nani, kila mmoja alitoa kiasi gani, na kuna yeyote kati yao mwenye zabuni serikalini? Orodha hiyo haijawahi kuonekana, na upande uliompokea baadaye nao haukuiomba.

Mwaka 1967 masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalikuwa na sifa moja nzuri, hata kwa asiyelipenda Azimio lenyewe: yalihusu vitu vinavyohesabika. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Jirani tu angeweza kujua kama kuna mpangaji. Halmashauri Kuu ya CCM ilipolegeza masharti hayo Zanzibar mwaka 1991, tuliondoka kwenye kuhesabu vyumba tukaingia kwenye kupima nia. Sisemi turudi kule. Nasema aliyeondoa kipimo cha zamani hakuweka kipya chenye ncha.

Mtu anayetaka kulalamika Sekretarieti afanye hivi: amtaje kiongozi kwa jina na cheo, aeleze tendo, mahali na tarehe, ataje nani aliona au nyaraka gani ipo, na aweke nakala badala ya kupeleka asilia yake pekee. Malalamiko mengi hufia njiani kwa sababu zinazojulikana. Mlalamikiwa si kiongozi kwa mujibu wa sheria, kwa mfano mwenyekiti wa kitongoji. Au mgogoro ni wa mpaka wa shamba, unaostahili baraza la ardhi. Au barua imejaa sifa mbaya, "ni mwizi, ni mlevi, ana majivuno", bila tukio hata moja lenye tarehe. Rushwa ya kuomba na kupokea ni ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa. Na ijulikane kwamba Baraza la Maadili halifukuzi mtu. Linachunguza, linasikiliza, linapendekeza. Anayetekeleza ni mwingine, na mara nyingi mwingine huyo ana kadi ya chama kile kile.

Kwa nini basi Bunge lisimalizie? Hesabu inajibu. Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mkaguzi Mkuu kuwagusa mawaziri kadhaa, Zitto Kabwe alikusanya saini za kumpigia Waziri Mkuu Pinda kura ya kutokuwa na imani. Ibara ya 53A inataka saini za asilimia 20 ya wabunge, yaani takriban 70 wakati ule, na taarifa ya siku 14 kabla. Saini zilipatikana, hata za wabunge wa CCM. Mkutano wa Bunge ulikuwa unakaribia kufungwa. Siku 14 hazikuwapo. Wiki chache baadaye Rais akalipanga upya baraza na mawaziri kadhaa wakatoka. Presha ilifanya kazi, uchunguzi haukuwapo, na waliotoka waliondoka bila kuambiwa wamekosa nini hasa. Juu ya hayo mbunge anayefukuzwa uanachama na chama chake anapoteza kiti. Mwenye kumpima waziri wa chama chake anajua kwamba kesho yeye ndiye atakayepimwa.

Cha ajabu, Katiba yetu inayo njia iliyokamilika, ila imewekewa Rais na Makamu wake tu. Ibara ya 46A, ya kumshtaki Rais bungeni, inataka taarifa ya maandishi yenye saini za asilimia 20 ya wabunge siku 30 kabla. Theluthi mbili ya wabunge wakikubali, inaundwa Kamati Maalumu ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Muungano, akiwapo Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe saba. Rais ana haki ya kujieleza. Taarifa inatakiwa ndani ya siku 90. Kisha theluthi mbili tena. Haijawahi kutumika, na pengine haitatumika. Lakini itazame ilivyojengwa: tuhuma lazima iandikwe, anayesimamia si mwanasiasa, mtuhumiwa anasikilizwa, na kuna siku ya mwisho. Vitu hivyo vinne ndivyo vilivyokosekana kwa Lowassa, na viwili au vitatu kati yake vilikosekana kwenye Escrow.

Bunge halihitaji kubadili Katiba ili kuviiga. Kamati teule inayofuata iandikiwe kwenye hadidu za rejea kwamba yeyote itakayemtaja lazima aitwe na jibu lake lichapishwe kwenye taarifa ile ile, neno kwa neno. Iandikwe pia kwamba taarifa ikimtaja kiongozi wa umma, Spika ataipeleka kwa Kamishna wa Maadili ndani ya siku saba, na kwamba barua ya kujiuzulu haisimamishi upelekaji huo. Vyama navyo, vinapomkata mtu au kumpokea mtu kutoka upande wa pili, viandike sababu kwenye ukurasa mmoja. Anayepokelewa aje na tamko lake la mali mkononi, alisome kabla ya kuvalishwa skafu.

Na gazeti lako, Mhariri, linaweza kuanza wiki hii bila kumsubiri mtu. Kila mnapochapa tuhuma dhidi ya kiongozi, wekeni kisanduku kidogo chini ya habari: anatuhumiwa kwa tendo gani na la tarehe ipi, nani anamtuhumu, amejibu nini, na suala liko ngazi ipi, ya kisiasa, ya maadili au ya mahakama. Akihama chama, kichapeni tena kisanduku kile kile bila kubadili herufi, na pembeni yake wekeni picha yake mpya.

Msomaji wenu,
Dodoma